Shajara ya mradi: mirija sita kuelekea kulombi moja kwa sentimita

Siku ya 1

Mtambo umewashwa leo asubuhi. Mirija sita ya kigunduzi cha chembe kinachotumia gesi imelala sambamba ndani ya fremu, kila mmoja una urefu wa sentimita 40 na kipenyo cha milimita 5. Katikati ya kila mrija umenyooshwa waya wa tangsteni uliopakwa dhahabu, unene mikromita 25, mwembamba kuliko unywele. Gesi ni arigoni asilimia 80 na kaboni dayoksaidi asilimia 20. Volteji ni 1,450. Kwa vipimo hivi uga wa umeme kwenye uso wa waya unakaribia volti 220,000 kwa sentimita, na hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Chembe ikipita ndani ya gesi inang'oa elektroni chache, elektroni hizo zinavutwa kuelekea waya, na zikishaukaribia zinaporomosha nyingine. Moja inazaa elfu ishirini. Ukuzaji huo ndio uhai wa kigunduzi. Ukipungua, chembe zinapita bila kuonekana.

Tangu Georges Charpak alipotengeneza chemba ya nyaya nyingi pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, mwaka 1968, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1992, vigunduzi vya gesi vimebeba sehemu kubwa ya mzigo wa kufuatilia njia za chembe. Vingi hufungwa ndani kabisa ya majaribio makubwa, mahali ambapo mkono haufiki tena kwa miaka. Ukishafunga umefunga. Ndiyo maana tunataka kuvizeesha hapa mezani kwanza.

Umri wa kigunduzi cha gesi hauhesabiwi kwa miaka bali kwa chaji iliyokusanyika juu ya kila sentimita ya waya. Lengo letu ni kulombi 1 (kulombi ni kipimo cha chaji ya umeme) kwa sentimita. Mtambo wetu wa eksirei una shabaha ya shaba, kwa hiyo fotoni nyingi, yaani chembe za mionzi hiyo, zina nishati ya karibu keV 8 (eV ni elektronivolti, kipimo cha nishati, na keV ni elfu moja zake). Katika arigoni kila jozi ya elektroni na ioni (atomu iliyopoteza elektroni) hugharimu takriban eV 26, basi fotoni moja inaacha elektroni mia tatu na ushei. Zidisha kwa ukuzaji wa 20,000, unapata karibu pikokulombi moja. Fotoni laki moja kwa sekunde juu ya kila sentimita zinatoa mkondo wa nanoampea 100, na kwa mkondo huo kulombi 1 itatimia baada ya siku 116.

Mrija wa 1, wa 2 na wa 3 itapigwa kwa kasi hiyo, kwenye kipande cha sentimita 5 katikati. Wa 4 na wa 5 itapigwa polepole, nanoampea 20 kwa sentimita. Wa 6 haupigwi kabisa. Huo ni shahidi, wa kulinganishia. Wenzangu walinibishia sana kuhusu ile miwili ya polepole, kwamba inachukua nafasi na haitafika hata robo ya lengo. Nimesimama imara, imebaki.

Siku ya 9

Kila wiki tunazima eksirei, tunapitisha chanzo kidogo cha mionzi, chuma-55, juu ya kila mrija sentimita kwa sentimita, na kuangalia kilele chake cha keV 5.9 kimesimama wapi kwenye grafu, maana hapo ndipo ukuzaji unapoonekana. Leo kilele kimeshuka asilimia 6 katika mirija yote mitatu ya kasi. Moyo ulinishtuka, maana kwa chaji ndogo kiasi hiki haikustahili kutokea.

Halafu nikapima ule wa 6. Nao umeshuka asilimia 6. Kipimahewa ukutani kinaonyesha shinikizo limepanda milibari 10 tangu wiki iliyopita, yaani asilimia 1, na gesi ikibanana kwa asilimia 1 ukuzaji wa mirija kama hii hushuka mara tano hadi nane ya hapo. Hewa ya nje imetuchezea. Kuanzia leo hakuna namba ya mrija itakayoandikwa peke yake katika daftari hili. Kila kipimo kitagawanywa kwa kipimo cha mrija wa 6 cha saa ileile. Kwa hesabu hiyo mirija yote mitatu iko kwenye 1.00.

Siku ya 27

Kulombi 0.23 kwa sentimita kwa mirija ya kasi. Uwiano uko kati ya 0.99 na 1.01 kila mahali. Hakuna la kuongeza.

Siku ya 41

Mita ya mtiririko imekwama. Gololi ya ndani haipandi wala haishuki, kwa hiyo sijui kama mirija inapata gesi inavyostahili. Nilikuwa na mita mpya kabatini, yenye karatasi ya muuzaji inayosema imesafishwa kwa matumizi ya gesi. Nimeifunga mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Fundi wetu wa gesi, mzee aliyeijenga nusu ya mabomba ya maabara hii, alikuja akasimama nyuma yangu. "Mwanangu, umeifungua ndani ukaiona?"

Nikamwambia, "Ina cheti, mzee."

Hakubishana. Alichana kipande cha utepe wa karatasi, akaandika tarehe na saa kwa kalamu, akakibandika kwenye bomba chini ya mita. Hufanya hivyo kwa kila kitu kinachobadilishwa.

Siku ya 55

Kuna kitu. Kulombi 0.475, na sentimita ya kwanza ya kipande kinachopigwa, upande gesi inapoingilia, imeshuka hadi 0.95. Ya pili 0.97. Kuanzia ya tatu hadi ya tano tofauti inayeyuka hadi 0.99. Mirija yote mitatu ya kasi ina sura hiyohiyo, na nje ya kipande kinachopigwa hakuna badiliko lolote. Kwa hiyo si shinikizo, si volteji, si chanzo cha chuma-55.

Kinachonisumbua zaidi ya kushuka ni upana wa kilele. Mwanzoni kilikuwa na upana wa asilimia 19 ya thamani yake. Sasa, kwenye ile sentimita ya kwanza, ni 24. Waya ukinenepa sawasawa, kilele kizima kingeshuka bila kutanuka sana. Kutanuka maana yake ni kwamba waya umekuwa na mabaka: elektroni zikiangukia hapa zinakuzwa sana, zikiangukia pale zinakuzwa kidogo. Kuna kitu kinaota juu ya dhahabu.

Hili linajulikana tangu zamani kwa wanaofanya kazi hii. Ndani ya poromoko la elektroni molekuli za gesi huvunjika vipandevipande, na vipande hivyo, vikiwa na njaa ya kushikana, huungana na kuwa minyororo ya polima inayotua kwenye waya. Gesi za haidrokaboni kama methani na isobutani zina hatari hiyo ndani yake. Lakini arigoni na kaboni dayoksaidi, zikiwa safi, hazina cha kujengea mnyororo. Tuliichagua gesi hii kwa sababu hiyo hasa. Basi kinachoota kimeletwa na kitu kingine.

Siku ya 58

Nimeongeza mtiririko wa gesi mara mbili kwenye mirija yote. Hoja yangu ni hii: kama uchafu unatoka ndani ya mirija yenyewe, kwenye gundi ya vizibo au ukutani, gesi nyingi itauzimua na kuufukuza, na uharibifu utapungua. Kama unaletwa na gesi kutoka nyuma, mtiririko mkubwa utauleta kwa wingi zaidi. Ni jaribio lisilogharimu kitu isipokuwa subira.

Siku ya 66

Usiku wa manane mrija wa 3 umefanya jambo jipya. Mfumo ulizima eksirei kwa ratiba, mikondo ya mirija yote ikarudi sifuri, isipokuwa wa 3 uliobaki na nanoampea 40. Hakuna mionzi, hakuna chanzo karibu, na mrija unaendelea kutoa mkondo. Uliendelea kwa zaidi ya saa tatu. Nilipozima volteji ukakoma; nilipoirudisha ulibaki kimya, mpaka eksirei zilipowashwa tena.

Huu ni mwenendo alioueleza Louis Malter mwaka 1936. Ukuta wa mrija, yaani kathodi (upande hasi), ukipata utando mwembamba usiopitisha umeme, ioni chanya zinazorudi kutoka kwenye waya haziufikii metali. Zinajipanga juu ya utando kama watu waliofungiwa mlango. Chini yao, ng'ambo ya utando, uga wa umeme unakuwa mkali kiasi cha kung'oa elektroni kutoka kwenye metali yenyewe. Elektroni hizo zinakimbilia waya, zinakuzwa, zinazaa ioni mpya, ioni zinarudi utandoni, na mzunguko unajilisha wenyewe.

Kwa hiyo uchafu haujatua kwenye waya peke yake. Umefika ukutani pia.

Dawa ya haraka inajulikana: mvuke kidogo wa maji ndani ya gesi huufanya utando upitishe umeme kidogo, ioni zikapata pa kutokea. Wenzangu wangependa niuweke leo. Sitaki kuituliza homa kabla sijaujua ugonjwa, maana maji yangeficha dalili niliyo nayo ya ukutani, na waya ungeendelea kuharibika kimyakimya. Nimeupunguzia mrija wa 3 volteji na kuuacha.

Siku ya 70

Jibu la mtiririko limepatikana. Katika siku 14 za kwanza baada ya kubadilisha mita, sentimita mbaya zaidi ilipoteza asilimia 5. Katika siku 15 zilizofuata, nyingi zikiwa za mtiririko mkubwa, imepoteza 11 nyingine na sasa iko 0.84. Uharibifu haukuzimuliwa, umeongezeka. Uchafu unatoka nyuma, kwenye mstari wa gesi, kabla ya mirija.

Jana nilikaribia kukosea vibaya. Nilikuwa nimesoma upya kisa cha mirija ya LHCb, moja ya majaribio makubwa kule CERN, ambako pia uharibifu ulikuwa mkubwa upande gesi inapoingilia kuliko inapotokea. Pale mkosaji alikuwa gundi iliyotumika kujengea moduli: kilainishi kilichomo ndani yake kilivukiza na kuacha tabaka lenye kaboni juu ya waya. Waliongeza oksijeni kidogo, asilimia 1.5, kwenye arigoni na kaboni dayoksaidi, na wakaweza pia kuchoma tabaka kwa kupandisha volteji hadi waya ujisafishe. Nikasema basi, sura ni ileile, tiba itakuwa ileile. Nilikuwa nimeshaagiza chupa ya oksijeni.

Kilichonizuia ni utepe wa yule mzee. Nilikuwa nachora grafu ya uwiano dhidi ya siku, nikainua macho kwenye bomba, nikasoma tarehe. Siku ya 41. Mstari wangu ni bapa kama meza hadi wiki ileile, kisha unaanza kuinama. Mirija yenyewe, gundi yake, vizibo vyake, vilikuwa palepale tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mita.

Sikuigusa bado. Nataka kwanza kuona kilichoko kwenye waya bila kujiambia mapema nitaona nini.

Siku ya 75

Nimesimamisha jaribio. Kabla ya kufungua chochote, hesabu ya mwisho.

Tangu siku ya 41 mirija ya kasi, ukiacha wa 3 nilioupunguzia volteji, imekusanya kulombi 0.294 kwa sentimita, na sentimita mbaya zaidi imepoteza asilimia 19. Mirija ya polepole imekusanya 0.059 tu, na imepoteza asilimia 11. Ukigawanya hasara kwa chaji, kila kulombi 0.1 imewagharimu wa kasi asilimia 6 na nusu, na wa polepole karibu asilimia 19. Mara tatu.

Nilisoma namba hizi mara nyingi leo. Zinamaanisha kwamba kama ningekuwa na mirija ya kasi peke yake, ningeandika kwenye ripoti kuwa kigunduzi hiki kinazeeka kwa mwendo fulani kwa kila kulombi, na anayekiweka kwenye jaribio la kweli, ambako chaji inakusanyika taratibu kwa miaka, angekuta kinazeeka haraka kuliko nilivyomwahidi.

Sababu naiona hivi. Uchafu hauletwi na chaji. Unaletwa na gesi, kwa saa, kiasi kilekile mchana na usiku, iwe eksirei ni kali au hafifu. Mrija wa kasi una maporomoko mengi kiasi kwamba unakamata karibu uchafu wote unaofika na kisha unakosa wa kukamata. Chaji inayobaki inapita bila kudhuru, lakini inaingia kwenye hesabu na kuifanya ipendeze. Mrija wa polepole unapewa uchafu uleule na una muda wa kuulaza vizuri. Ushahidi uko kwenye sura ya uharibifu: katika mirija ya kasi umejaa kwenye sentimita ya kwanza na kuisha kabla ya tano, katika ya polepole umetandazwa karibu sawa kwenye sentimita zote tano, kwa kuwa hakukuwa na maporomoko ya kutosha kuumaliza mlangoni.

Kuanzia sasa nikisoma jaribio la kuzeesha, swali langu la kwanza si kulombi ngapi. Ni kwa nanoampea ngapi kwa sentimita.

Siku ya 77

Tumeukata mrija wa 1. Waya hauvutwi nje, kwa sababu ukipita kwenye kizibo unakwanguliwa na ushahidi wote unabaki kwenye plastiki. Mzee aliupasua ukuta wa mrija kwa wembe kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, kama mtu anayepasua ganda la mbegu bila kuitia doa mbegu yenyewe. Ilichukua dakika arobaini. Kisha tukakata waya vipande vya sentimita moja moja kwa mkasi mdogo, na kila kipande kikalazwa kwa kibano kwenye kijisanduku chenye namba.

Chini ya hadubini ya kawaida, kipande kilichotoka nje ya eneo la mionzi kinang'aa njano, laini, mistari midogo ya uvutaji wa waya ikionekana kwa urefu. Kipande cha sentimita ya kwanza si njano tena. Kina rangi ya majivu, na juu yake vimesimama vinyweleo vyeupe, vifupi, vingine vimejikunja, vimeota upande mmoja zaidi ya mwingine. Mpaka kati ya njano na majivu ni mkali, chini ya milimita moja. Unaweza kuweka kidole na kusema: hapa ndipo eksirei zilipoanzia.

Nilikaa kimya kwenye kiti kwa muda. Miezi miwili na nusu ya kazi iko kwenye huo ukoga.

Siku ya 79

Hadubini ya elektroni. Hapa nataka kuandika kwa kirefu, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kudanganyika.

Hadubini hii inapiga sampuli kwa elektroni na kusoma eksirei zinazotoka. Kila elementi ina nishati zake kama alama za vidole. Kwa kilovolti 20, kipande chenye majivu kilitoa kilele kikubwa karibu na keV 1.75. Silikoni iko kwenye 1.74. Opereta aliandika silikoni, nami nikashangilia, kwa kuwa grisi na mafuta ya silikoni ni mtuhumiwa wa kwanza wa mstari wowote wa gesi. Silikoni imekuwa ikitajwa tangu warsha ya Berkeley ya mwaka 1986, na ikatajwa tena katika ile ya maabara ya DESY, Hamburg, mwaka 2001.

Ndipo nikakumbuka waya wetu umetengenezwa na nini. Tangsteni nayo ina mstari kwenye keV 1.77. Kifaa hakiwezi kuitenganisha na silikoni kwa umbali mdogo hivyo; vilele viwili vinaonekana kimoja. Na kwa kilovolti 20 elektroni zinapenya ndani ya dhahabu zaidi ya nusu mikromita, wakati tabaka letu la dhahabu ni jembamba kuliko hapo. Tulikuwa tunasoma moyo wa waya na kuuita uchafu.

Nikaomba waya mpya kutoka kwenye gurudumu, ambao haujawahi kuona gesi. Kwa kilovolti 20 ulitoa kilele kilekile pale karibu na 1.75. Pamoja nacho kulikuwa na mstari mwingine wa tangsteni, wa keV 8.4, ambao silikoni haina. Basi kile kilele cha kwanza hakikuthibitisha chochote.

Tukashusha hadi kilovolti 5. Kwa nishati hiyo elektroni zinaishia kwenye sehemu ya kumi ya mikromita, hazifiki kwenye tangsteni. Waya mpya: dhahabu peke yake, kwenye 2.12. Kile kilele cha 1.75 kimetoweka kabisa. Kipande cha majivu: dhahabu imefifia, na pale kwenye 1.74 kilele kimesimama wima, na kingine kwenye 0.525, ambacho ni oksijeni. Kaboni ipo, kidogo. Vinyweleo vyenyewe, tulipovilenga kimoja kimoja, ni silikoni na oksijeni.

Sasa ni silikoni kweli. Na kwa kuwa ni silikoni, ile chupa ya oksijeni niliyoagiza isingesaidia lolote. Kaboni ikikutana na oksijeni iliyovunjwa na poromoko hugeuka kuwa gesi na kuondoka zake. Silikoni ikikutana na oksijeni hugeuka kuwa kama kioo, na kioo hakivukizwi. Kadiri unavyoongeza oksijeni ndivyo unavyokiimarisha.

Siku ya 80

Tumeifungua mita. Oringi mbili za ndani, zile pete za mpira za kuziba, zinang'aa. Nilipitisha pamba iliyoloweshwa heksani, tukaacha ikauke juu ya kioo, na kipimo cha infraredi kikaonyesha mstari wa 1260 kwa sentimita pamoja na ile mipana kati ya 1000 na 1100. Hiyo ni silikoni ya grisi, haina mjadala. Yeyote aliyeziunganisha alipaka grisi kidogo kwenye oringi ili ziingie kwa urahisi, jambo ambalo kwenye bomba lingine lolote ni ufundi mzuri.

Kiasi chenyewe ni kama ukungu wa pumzi juu ya kioo. Lakini molekuli ndogo zilizomo zinavukiza mchana na usiku, na waya unazikusanya zote mahali pamoja, kwenye uso mwembamba kuliko unywele.

Nilikwenda karakana nikamwambia mzee alikuwa na haki ya kuniuliza. Akasema, "Sawa. Sasa tufungue na zilizobaki." Tulitumia mchana mzima kufungua regeleta, vali na viungo vyote. Chupa ya mapovu mwishoni mwa mstari nayo ilikuwa na mafuta ya silikoni, yameachwa na waliotutangulia. Mvuke wake unaweza kurudi nyuma mtiririko ukisimama. Imetolewa.

Siku ya 83

Kabla ya kuutupa mrija wa 3 nimeujaribu kwa maji, sasa ambapo hayana cha kuficha. Sehemu ya gesi ilipitishwa juu ya maji, ikaingia mrijani na mvuke. Mkondo wa Malter ulizimika ndani ya saa moja. Tuliporudisha gesi kavu, kesho yake ulirejea. Maji yalifanya yaliyotarajiwa na hayakuponya kitu.

Tumejadili pia CF4, gesi ya kaboni na florini. Katika poromoko hutoa florini, na florini inaweza kuitoa silikoni kama gesi. Inavutia. Lakini ikikutana na unyevu inatoa asidi ya haidrofloriki, na asidi hiyo inakula kioo. Kigunduzi cha mirija cha ATLAS, jaribio jingine la CERN, kilipangiwa kwanza mchanganyiko wenye CF4, kisha ukaachwa kwa sababu vipande vya kioo vinavyounganisha nyaya ndani ya mirija vilikuwa vinaliwa. Wakahamia xenoni, kaboni dayoksaidi na oksijeni. Sisi hatuna kioo ndani ya mirija, ila kuna viungo vya metali nisivyotaka kuvijaribu kwa njia hiyo. Kuondoa grisi ni rahisi kuliko kuishi nayo.

Mzunguko wa pili, siku ya 48

Mirija mipya, kuanzia wa 7 hadi wa 13. Mabomba yote ni ya chuma kisichoshika kutu, yameoshwa. Mita ni ya metali isiyo na oringi, na kila kiungo tulikifungua na kukiangalia kwa macho kabla ya kukifunga. Safari hii ya kasi ni mitatu, ya polepole ni mitatu, na shahidi mmoja. Hakuna aliyenibishia kuhusu ya polepole.

Kulombi 0.41 kwa sentimita kwenye ya kasi, 0.083 kwenye ya polepole. Uwiano kati ya 0.99 na 1.01 kwenye sentimita zote, upande wa kuingilia na wa kutokea. Upana wa kilele ni asilimia 19. Eksirei zikizimwa mikondo yote inarudi sifuri.

Mirija ya zamani ilikuwa na sura hiihii siku ya 27, na bado sikujua kilichokuwa juu ya waya kwa sababu sikuangalia. Jumatatu tunaukata mrija wa 9 ungali mzima, tupeleke sentimita ya kwanza kwenye hadubini kwa kilovolti 5, pamoja na kipande cha waya mpya kando yake. Mzee ameshanoa wembe.